Mgiriki alikuwa na shamba, Mhindi alikuwa na daftari

Babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwa Mgiriki, shamba la kahawa kule chini Kibosho, tangu ujana wake mpaka 1973 shamba lilipochukuliwa, na miaka yote hiyo alikuwa anakopa dukani kwa Mhindi pale Moshi mjini, sukari, mafuta ya taa, khanga za bibi, bati za nyumba. Kwa hiyo ukoo wetu unawajua hao watu wawili vizuri sana, mmoja kwa mshahara na mwingine kwa deni. Ukimuuliza babu enzi za uhai wake kati ya hao wawili tajiri alikuwa nani hata hafikirii, Mgiriki. Mgiriki alikuwa na trekta mbili na Landrover na nyumba yenye baraza kuzunguka pande zote, Mhindi alikuwa analala nyuma ya duka na watoto sita.

Sasa leo shuka Moshi katafute Mgiriki. Zunguka Double Road, zunguka Mawenzi, panda mpaka Shanty Town, utachoka. Mhindi yupo, duka liko pale pale, mjukuu wa yule yule aliyemkopesha babu bati. Arusha ni hivyo hivyo, Wagiriki waliwahi kuwa jumuiya kubwa ya kutosha kujenga kanisa lao la Orthodox na shule yao, hiyo St Constantine's unayoisikia ilianza kama shule ya watoto wa Kigiriki, na leo wanafunzi wake ni wa kila kabila na kila taifa. Mhindi wa Arusha naye ukimtaka shuka tu maeneo ya Soko Kuu, kuna misikiti yao, mahekalu yao, la Masingasinga pia, na maduka ambayo mengine yamefunguliwa kabla baba yako hajazaliwa.

Vijiweni jibu huwa moja, "Wahindi biashara iko kwenye damu mwanangu." Wengine wanasema Wagiriki walikuwa watu wa starehe, Mhindi mbahili. Mi nimesikia haya tangu niko mdogo na kusema kweli nayaona ni uvivu wa kufikiri, maana hayaelezi kwa nini babu aliona kinyume kabisa miaka ile. Ukitaka kuelewa acha damu, uliza mali ya kila mmoja ilikuwa imekaa wapi, na siku serikali ilipokuja kuichukua ilikuta nini cha kushika.

Tuanze walivyofika, maana watu wengi wanadhani Wagiriki walikuja na hela. Wapi. Wengi walikuja kutoka visiwa vya huko Aegean na Cyprus na kwingine, wakati Mjerumani anajenga reli ya kutoka Tanga, hiyo iliyofika Moshi 1911 na kuja kufika Arusha 1929 tayari Muingereza kashika nchi. Walikuwa wakandarasi wadogo, mtu anapewa kipande cha tuta akijaze, kipande cha mtaro akichimbe, wengine wanauzia vibarua chakula. Ni watu waliokuwa wanakula vumbi. Wahindi nao wa huku kwetu usiwachanganye wote na wale makuli waliojenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, wale walikuwa zaidi ya elfu thelathini na wengi wao mkataba ulipoisha walirudi kwao. Wenye maduka wa Moshi na Arusha wengi wametokea Gujarat na Kutch, walishukia Zanzibar au pwani, wakapanda juu wakifuata reli na njia za misafara, kila stesheni inapofunguliwa kuna Mhindi kashaweka ubao wa duka na gunia la chumvi. Kwa hiyo wote wawili walianza chini, na kama kuna aliyekuwa na afadhali basi ni afadhali ndogo sana.

Njia zikaachana baada ya vita ya kwanza. Mjerumani kashindwa, mashamba yake yote yakachukuliwa kama mali ya adui na Muingereza akayapiga mnada. Hapo ndo Mgiriki wa tuta akawa Mgiriki wa shamba. Wahindi nao walinunua, tena mengine makubwa, mkonge wa Tanga una historia ndefu ya Wahindi, kwa hiyo msiniambie Mhindi haijui ardhi. Ila kwa wingi wao walikaa mjini. Na sababu zake zinaeleweka, ukoloni ulikuwa umepanga watu kwa rangi kama makopo kwenye shelfu, Mzungu juu, Mhindi katikati, sisi chini, Mgiriki alihesabiwa Mzungu japo Waingereza wenyewe walikuwa wanamtazama kwa pua iliyokunjwa, na kuhesabiwa Mzungu kulimfungulia milango ya benki. Anapeleka hati ya shamba, anapewa mkopo wa msimu, analipa kahawa ikiuzwa. Mhindi mwenye duka la chumba kimoja alikuwa hana hati ya kupeleka popote, akalazimika kutafuta hela kwa watu wake.

Na hapa ndo nataka tukae kidogo maana ndo penyewe.

Kilimo cha kahawa cha shamba kubwa ukikiangalia kwa macho ya mhasibu kinatisha. Unapanda mche leo, unaanza kuchuma cha maana miaka mitatu minne baadaye. Katikati hapo unalipa vibarua, unapogoa, unapiga mrututu, ile dawa ya shaba ya kuzuia magonjwa ya mimea (wazee wa Kilimanjaro hilo neno likitajwa tu wanasikia harufu yake), unanunua mtambo wa kumenya, unajenga matangi ya kuoshea na vitanda vya kuanikia. Babu alikuwa anasema msimu wa kuchuma shamba lile lilikuwa na watu kama harusi, wanatoka Uru, wanatoka Upareni, wengine Singida na Kondoa, kila mtu na kipande chake, ile kadi ya kazi, kinatiwa alama kwa siku. Hela yote ya Mgiriki iko pale chini kwenye udongo. Bei anapangiwa na watu wasiomjua. Brazil ikipigwa na barafu, kama 1953, Mgiriki wa Kibosho anajenga ghorofa. Ikivunwa sana huko, anahesabu magunia kimya kimya. Afu miaka ya sitini ukaingia ule ugonjwa wa chulebuni, buni inaoza ikiwa bado mtini, dawa gharama. Ni utajiri kweli, ila ni utajiri wa mti mmoja na hauna miguu.

Miaka ya hamsini ndo walipepea haswa, kahawa bei juu, mkonge bei juu sababu ya vita ya Korea. Wenye umri wao mnaujua ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja Dar, ule ulitolewa na Mgiriki, George Arnautoglou, watu wameingia na kutoka humo miaka sabini hawajui hilo jina ni la nani. Ndo kiwango cha hela kilichokuwepo.

Mhindi sasa. Nimepata bahati ya kukaa sana kwenye duka moja Moshi, la vifaa vya ujenzi, mwenye duka ni mzee wa miaka sabini na kitu, huyo huyo ukoo wake ulimkopesha babu. Mzee huyu nikimpelekea salamu za nyumbani ananikalisha kwenye ndoo ya rangi nyuma ya kaunta, ananiita mangi kama anavyoita kila mtu, chai ya maziwa ya tangawizi inakuja. Pale nimejifunza kitu ambacho sijafundishwa chuo. Kinaitwa mali kauli. Wafanyabiashara wote mnaijua ila wengi hamjawahi kuipiga hesabu.

Angalia. Msambazaji wa Dar anamtumia mzee mzigo, misumari, bati, rangi, mabomba, tuseme wa milioni arobaini. Mzee hajalipa hata senti, katoa neno tu, au akiombwa sana anaandika cheki ya mbele, siku sitini. Mzigo anaumaliza kwa siku ishirini na tano. Sasa siku thelathini na tano zilizobaki amekaa na milioni arobaini za mtu mwingine bila riba, na hajakaa nazo kiboya, kaenda kununua mzigo mwingine kwa keshi kwa mtu mwenye shida ya keshi, kapata punguzo. Siku ya sitini analipa, halali yake, kesho anatumiwa mzigo wa milioni hamsini. Mtaji wake mwenyewe uko wapi? Yaani ukiingia na bunduki dukani kwake ukasema leta mtaji wako wote atakupa kikokoteo na kikombe cha chai. Mtaji ni kwamba yule wa Dar anamjua, baba yake alimjua baba yake, na akidhulumu leo jioni habari imefika msikitini au hekaluni, na binti yake kuolewa itakuwa kazi.

Hii kitu ni ya zamani sana, ndo maana hata maneno yenyewe tumeyachukua kwao. Hundi ni neno la kule India. Bima la kule. Laki ya kwao pia. Mfanyabiashara wa pwani alikuwa anakopesha wa bara, wa bara anakopesha wa kijijini, mnyororo unafika mpaka kwa babu yangu na bati zake kumi na mbili. Na jumuiya nyingine zilienda mbali zaidi zikajenga taasisi kabisa, Waismailia walianzisha Jubilee Insurance 1937, halafu 1946 Aga Khan, kiongozi wao wa dini, alipopimwa uzito kwa almasi pale Dar ukazaliwa mfuko wa Diamond Jubilee, watu wakakopeshwa kujenga nyumba na kufungua biashara, na huo mfuko ndo mzazi wa Diamond Trust Bank ya leo. Ukiona nyumba za zamani za Wahindi mjini Moshi, inua macho juu ya bati la baraza, kuna mwaka umechongwa kwenye simenti, mara nyingi na jina. Huyo ni mtu aliyekopeshwa na watu wake na anataka waone kwamba kajenga.

Basi ikaja 1967. Azimio la Arusha la ujamaa limesomwa, na sisi watu wa Arusha ndo jina letu limebebeshwa. Mabenki yakachukuliwa kesho yake tu, biashara ya jumla na ya nje ikaenda STC, shirika la biashara la serikali, Oktoba mkonge ukafuata. Aprili 1971 ikaja sheria ya majumba, jengo lolote la thamani ya zaidi ya shilingi laki moja ambalo mwenyewe hakai lote linachukuliwa, linapelekwa kwa Msajili wa Majumba, na kama lina zaidi ya miaka kumi hakuna fidia. Majengo kama elfu tatu hivi nchi nzima, karibu yote ya Wahindi. Yule mzee wangu baba yake alikuwa na ghorofa moja, duka chini familia juu na vyumba viwili kapangisha, basi hivyo vyumba viwili ndo vikamponza. Asubuhi alikuwa mwenye nyumba, jioni ni mpangaji wa nyumba aliyoijenga mwenyewe, analipa kodi kwa Msajili. Mzee anaisimulia bila hasira ila kuna sehemu lazima anyamaze, sehemu mama yake alipoendelea kufagia ngazi kila siku kama zamani, wakamwambia mama acha sio zetu tena, akasema mimi nafagia vumbi.

Miaka miwili baadaye, 1973, zamu ya mashamba makubwa ya kahawa ya huku kwetu. Mgiriki wa babu alikuwa mmoja wao. Babu anasema walikuja na gari mbili, wakahesabu trekta, wakahesabu magunia, wakaandika. Shamba likawa la ushirika.

Sasa hapa linganisha taratibu. Wote wawili wamepigwa. Ukipiga hesabu ya thamani kwenye karatasi inawezekana kabisa Mhindi wa ghorofa na Mgiriki wa shamba wamepoteza sehemu sawa ya mali inayoonekana. Ila asubuhi ya siku ya pili Mgiriki anaamka hana kitu cha kufanya. Kazi yake ilikuwa shamba, ujuzi wake ulikuwa wa lile shamba, mkopo wake ulikuwa juu ya lile shamba, hata jina lake mjini lilikuwa ni lile shamba. Mhindi anaamka, anashuka ngazi ambazo sio zake, anafungua duka. Watu waliokuwa wanamuamini jana bado wanamuamini. Hakuna afisa aliyeweza kuandika kwenye ile fomu "imani, kilo kadhaa". Nyumba ilichukuliwa, daftari likabaki.

Na Mgiriki alikuwa na pa kwenda, hili watu wanalisahau. Ugiriki ya miaka ya sitini na sabini sio ile maskini aliyoikimbia babu yake, uchumi ulikuwa umekimbia sana, na 1981 wakaingia kwenye jumuiya ya Ulaya. Pasipoti anayo, kanisa lipo, lugha anaijua. Nani abaki Kibosho kusubiri kibali? Mhindi mwingi alikuwa keshachukua uraia wa Tanzania, Gujarat hajawahi kuiona zaidi ya kwenye picha. Na wapo wengi waliokimbia vile vile tusidanganyane, baada ya 1971, halafu Agosti 1972 Amin anawapa Wahindi wa Uganda siku tisini, kila Mhindi Afrika Mashariki alilala na begi mlangoni. Wakatawanyika Leicester, London, Toronto, Vancouver. Tuliona kama wanapungua, na kweli walipungua. Ila mtandao ulikuwa unatanuka. Mzee wangu kaka zake wawili walienda Canada, yeye akabaki na wazazi, wakati ule walimuona mjinga.

Kuna kejeli moja ya historia huwa inanichekesha kwa uchungu. Julai 1975 barafu ikapiga Brazil vibaya, na kufika 1977 bei ya kahawa duniani ilipaa kuliko mtu yeyote alivyowahi kuona. Shamba la Mgiriki lilikuwa tayari la kwetu. Afu 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika vyenyewe! Kwa hiyo mwaka ambao mti wa kahawa ungetulipa kisawasawa, chama kilichokabidhiwa shamba hakipo, vimekuja kurudishwa 1984. Babu mwaka ule alikuwa mlinzi wa stoo ya shamba lile lile, anasema hakuona tofauti ya mshahara, tofauti aliyoiona ni kwamba trekta moja ilikuwa haiwaki.

Msidhani Mhindi alikuwa anakula bata wakati huo. Biashara ya jumla ilikuwa ya mashirika ya serikali, 1976 kukawa na ile operesheni ya kufunga maduka ya watu binafsi vijijini, bidhaa hakuna, sabuni kwa foleni, 1983 wakaja na vita ya wahujumu uchumi, watu wakatupa mali mtoni na kufukia godoro shambani kwa woga. Mzee naye alilala ndani siku kumi na tisa kwa sababu ya katoni za betri. Lakini 1984 serikali ikaruhusu mtu aingize bidhaa kwa hela yake ya nje bila kuulizwa kaipata wapi, na mwaka uliofuata akaja Mzee Ruksa, Rais Mwinyi. Sasa niambie, mwaka 1984 Moshi nani ana ndugu mwenye pauni na dola? Wale kaka wawili walioonekana wameipata na mdogo wao mjinga aliyebaki, ndo siku walipokutana tena. Kontena la kwanza mzee aliletewa na kaka yake kwa mali kauli, kutoka Canada, bila karatasi. Ni kitu kile kile cha babu yake, kimezunguka dunia kimerudi.

Ndo maana nasema msiniletee habari za damu. Mgiriki angekuwa kaweka mali yake kwenye duka na ndugu wa Dar na shemeji wa Mombasa, leo tungekuwa tunasema Wagiriki wana akili za biashara. Na Wahindi wa mashamba, wale waliokuwa na mkonge tu bila kitu kingine, nao wengi walipotea kama Wagiriki tu, ila hao hatuwahesabu kwa sababu hawapo wa kuwahesabu. Tunamuona aliyebaki afu tunasema wote wako hivyo. Kwanza hata "Mhindi" mwenyewe ni nani? Kuna Singasinga fundi wa magari na mbao, kuna Mgoa karani, kuna Bohora wa vyuma, kuna Mhindu wa nafaka, kuna bibi wa Kihindi Arusha anayeuza kachori na bajia kwa majirani apate kodi ya chumba. Sio wote wana msambazaji Dar.

Na sasa upande wa pili wa shilingi maana nikiishia hapo itaonekana nimelipwa. Huu mtandao mtamu una ukuta. Mwaka nilioanza kabiashara kangu ka vifaa vya umeme Arusha niliingia kwenye duka moja la jumla, sitalitaja, nikaomba mali kauli ya laki nane tu, wiki mbili. Nilikuwa nimenunua hapo kwa keshi miezi kumi na nne mfululizo, risiti ninazo. Jamaa kanitazama vizuri tu, kwa upole kabisa, akasema wewe leta keshi rafiki yangu. Wakati nasubiri mzigo wangu wa keshi akaingia kijana wa Kihindi, umri wangu, kafungua duka Babati mwezi uliopita tu, kaandikiwa mzigo wa milioni tatu na nusu nikiwa nimesimama hapo hapo, hajatoa waleti. Niliumia. Bado naumia nikikumbuka. Hizi siasa za miaka ya tisini za kuwaita Wahindi magabacholi ziliota kwenye udongo huo huo, mtu ananyimwa kauli kila siku halafu anakuja mwanasiasa kumpa jina la kutukania.

Ila hata huo ukuta una fundi wake. Wakati wa Muingereza kulikuwa na sheria kabisa ya kuzuia mikopo kwa Waafrika, Mhindi akimkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali basi mahakamani hawezi kudai. Wao walisema wanatulinda tusiingie kwenye madeni. Matokeo yake ni kwamba babu yangu alikopa bati kwa sababu tu yule Mhindi aliamua kuvunja busara ya kibiashara, na wengi hawakuamua. Miaka arobaini ya namna hiyo mkopo unajifunza rangi. Uhuru ulipokuja sheria ikaisha, mazoea yakabaki.

Na Mchaga naye ukimwangalia vizuri kafanya yale yale. Kihamba, shamba la ukoo, kilipokuwa kidogo hakigawanyiki tena, vijana walishuka, wakaenda Arusha, Kariakoo, Manzese, Mwanza, mmoja anafungua kioski anamvuta mdogo wake, mdogo anavuta binamu, mzigo unagawanywa, Desemba wanarudi nyumbani kuonana na kuhesabiana. Wenyeji wa huko wanasema Wachaga pesa iko kwenye damu. Si mnaona.

Mwaka juzi nilienda kwenye lile shamba la Mgiriki. Nyumba ya baraza bado imesimama, nusu, kuna mbuzi wamefungwa kwenye nguzo. Matangi ya kuoshea kahawa yamepasuka yanamea ndago. Ushirika uliwahi kulikodisha kwa mwekezaji, akaondoka, wakalikodisha tena, kuna kesi, kuna kipande kinalimwa mahindi na kingine kina vigingi vya viwanja. Wazee wa hapo bado wanasema "kwa Mgiriki" kama vile atarudi jioni. Mti mmoja wa kahawa niliukuta una buni nyekundu, mti wa zamani shina nene kama paja, hakuna aliyeuchuma, watoto wawili walikuwa wanafyonza utamu wa buni wanatema mbegu.

Mzee wa duka naye anafunga. Binti yake mmoja yuko Mississauga, mwingine London, kijana ni daktari wa meno, hakuna anayetaka kukaa nyuma ya kaunta kuhesabu misumari. Wachina wananunua, wenye hela wanapita wanauliza bei ya fremu. Yeye kamuuzia kijana wake wa dukani, wa Rombo, aliyeanza kubeba mabati pale akiwa na miaka kumi na tisa, sasa ana thelathini na nane. Nikamuuliza kijana kapata wapi hela yote hiyo. Hajapata. Analipa kidogo kidogo kwa miaka mitano kutoka kwenye mauzo, wameshikana mikono tu, shahidi ni mama muuza chapati wa mlangoni.

Nilikuwepo siku mzee anampigia simu msambazaji wa Dar kumwambia. Kaweka spika. Wakaongea Kigujarati wee, afu yule wa Dar akageukia Kiswahili, akauliza huyo kijana ni nani. Mzee akasema, "Andika kama unaniandikia mimi." Kule kukawa kimya kidogo. Mzigo ulikuja wiki iliyofuata, ila nusu ya ule aliokuwa anatumiwa mzee, na siku thelathini badala ya sitini. Kijana aliusaini, akaanza kupanga makopo ya rangi kwenye shelfu.